Juma moja Unguja: namna ya kujipanga kutoka Kasongo

Tippu Tip, aliyetawala Kasongo, alikufia Unguja mwaka 1905. Nyumba yake iko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe. Mwenye kutaka kupumzika kule juma zima ahesabu siku za njia kando: Kabambare, kisha ziwa Tanganyika, bato mpaka Kigoma, reli mpaka Dar es Salaam, halafu saa mbili hivi za bahari. Mvua za Machi mpaka Mei aziepuke. Asubui moja aiachie kanisa la Anglikana, lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kati ya waliouzwa kule, kuna waliotolewa Maniema. Pale haiombi kwenda mbio. Jioni ni Forodhani, pweza wa kuchoma, na bei mtu anaweza kuizungumza kwa Kiswahili chake.