Mbingu ya Walikale

Msafiri aingiaye misitu ya Walikale, huku Kivu, ambako matawi hufungamana hata jua la adhuhuri likafika chini vipande vipande, na kaburi humezwa na majani kabla wajukuu wa marehemu hawajabaleghe, asitazamie kukuta huko mawe ya kuchongwa mfano wa yale ya Newgrange, katika nchi ya Ireland, ambamo wakati wa macheo, siku zilizo fupi kuliko zote za Desemba, mwali wa jua hupenya hata chumba cha ndani cha wafu.

Kwa Afrika ya Mashariki, jambo lililo karibu na hilo liko Namoratunga, upande wa ziwa Turkana. Penye Kalokol zimesimama nguzo za mawe meusi ya volkano, ambazo Waturkana husimulia kuwa ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Lakini mwaka 1978 wanazuoni wawili, Lynch na Robbins, walizihesabu 19, wakadai kwamba zilielekezwa kwa makusudi kwenye matlai ya nyota saba ambazo Waborana, wakizilinganisha na mwezi, hupangia kalenda yao, Kilimia ikiwa mojawapo. Dai hilo lilipendeza mno, nami naungama kwamba linanipendeza hata leo, ingawa mwaka 1982 Robert Soper alizipima nguzo zile upya, akabainisha kwamba mawe yenyewe yana sumaku ya kupotosha dira. Ama michoro ya kuchongwa mawe, iko zaidi katika makaburi ya Lokori, huko huko kwa Waturkana, na alama zake zinafanana na chapa ambazo Waturkana huwatia mifugo wao. Mchungaji wa malisho ya Masisi, huku Kivu, asingemwita mnajimu azifasiri. Angeuliza tu ng'ombe hao ni wa nani.

Hata mfupa wa Ishango, uliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 kaskazini mwa Kivu hii hii, mahali mto Semliki unapoliacha ziwa la chanzo chake, umebeba mikato ambayo Alexander Marshack aliisoma kuwa hesabu ya mwandamo wa mwezi, na wengine wakaisoma kuwa hesabu tupu.

Wanyanga wa Walikale mbingu yao waliiweka ulimini. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, kwa nyimbo na ngoma, muda wa siku 12, habari za Mwindo, ambazo Biebuyck na Kahombo Mateene walizichapisha mwaka 1969. Shujaa huyo, aliyekwisha kushuka kuzimu akarudi salama, alimwua joka Kirimu, naye joka alikuwa sahibu wa Nkuba, bwana wa radi. Kwa hiyo Nkuba akamchukua juu, akamweka mwaka mzima katika baridi na hari. Huko alionana na Mvua, na Jua, na Nyota, na Mwezi, aitwaye Mweri, jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulifahamu. Wala hawakumfundisha majira ya kupanda, bali walimharamishia kuua mnyama yeyote tena, ndipo wakamrudisha kwa watu wake.