Skwoshi: timu hushindaje mchezo wa mtu mmoja mmoja?
Wasikilizaji wa Kigoma na Ujiji wamezoea mechi za ligi pale Uwanja wa Lake Tanganyika, wachezaji 11 kila upande. Skwoshi, inayochezwa Gymkhana Dar es Salaam, ni ya watu wawili ndani ya chumba, wakipokezana kupiga mpira ukutani kwa raketi.

Klabu zikikutana kwenye ligi, kila moja hupanga wachezaji, mara nyingi watatu au watano, kwa uwezo: namba moja hukutana na namba moja. Seti huisha kwa pointi 11. Wakifungana 10-10, lazima mmoja aongoze kwa mbili. Mshindi ni mwenye seti tatu.

Kwa timu ya watano, ushindi wa wachezaji watatu unatosha. Ndiyo maana kumshusha mchezaji hodari nafasi ya chini ni udanganyifu: matokeo yakiwa 2-2, mmoja tu huamua ya klabu nzima.