Shabu, Chokaa na Ndoo ya Ngurdoto

Masika yakikolea, Mto Ngerengere huteremsha tope la milima ya Uluguru hadi Bwawa la Mindu, chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Mkazi wa Kihonda akikuta maji yamechafuka, dawa anaijua: kipande cha shabu. Anakikoroga ndooni, anasubiri, tope linazama. Shabu ni chumvi ya alumini, na kaskazini mwa nchi alumini hiyo hiyo imewahi kupewa kazi ngumu zaidi, ya kunasa kitu kisichoonekana kwa macho.

Kitu hicho ni floraidi. Miamba ya Uluguru ni ya kale na haikutokana na volkano. Ya Meru na Kilimanjaro ni ya volkano, na maji yanayopita humo huyeyusha floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa Maji ya Chai, mkoani Arusha, maji yaliyotumika katika majaribio ya kuondoa floraidi yalikuwa na miligramu 12.5. Mtoto anayekua akinywa maji ya namna hiyo huota meno ya kahawia, na akiyanywa miaka mingi hata mifupa hudhurika. Kwa uhaba wa vyanzo vingine, Tanzania iliwahi kuvumilia hadi miligramu 8 vijijini, ikashusha hadi 4, kisha 1.5.

Kwa nini alumini? Jibu lilianza kupatikana Skandinavia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941, huko Copenhagen, mwanakemia Jannik Bjerrum alionyesha kwamba vitu vinavyojishika kwenye metali ndani ya maji hujishika kimoja baada ya kingine, na kila hatua ina nguvu yake inayopimika. Miaka miwili baadaye Wasweden Brosset na Orring wakazipima hatua za alumini na floraidi. Alumini moja inaweza kubeba floraidi hadi sita: ya kwanza hushikwa kwa nguvu kubwa mno, ya sita kwa shida.

Cha kushangaza, muungano huo hautoi joto, hufyonza kidogo. Kinachousukuma ni maji yenyewe. Alumini na floraidi, kila moja ikiwa peke yake, huzungukwa na molekuli za maji zilizobanana kama abiria wa daladala la jioni. Zikiungana, molekuli nyingi hushuka na kutawanyika, na mtawanyiko huo ndio unaolipia gharama ya joto.

Kloridi, ndugu wa floraidi aliyemo katika chumvi ya mezani, haishikani na alumini majini kwa kiasi cha maana. Kwa zebaki mambo hugeuka: iodidi, ndugu mwingine, ndiyo hushikwa zaidi, floraidi huachwa nyuma. Mwaka 1958 wanakemia Ahrland, Chatt na Davies walizigawa metali kwa tabia hizo mbili.

Ili kuinasa floraidi kwa alumini, taasisi ya utafiti ya Nagpur, nchini India, ilibuni njia iliyopewa jina la Nalgonda, ya kutumia shabu pamoja na chokaa. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wakishirikiana na Eli Dahi wa Denmark, waliishusha hadi ngazi ya kaya. Zilihitajika ndoo mbili. Katika lita 20 hutiwa gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa. Unakoroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano, unaacha kama saa moja, halafu unayachuja maji kwenda ndoo ya pili.

Chokaa ndiyo yenye siri. Shabu huyafanya maji kuwa na uchachu, na katika uchachu floraidi hujifunga na alumini lakini hubaki imeyeyuka: maji yanang'aa, nayo imo. Chokaa ikiukata uchachu, alumini huganda kuwa mabonge laini yanayozama pamoja na floraidi.

Hapo ndipo mpimaji anaweza kudanganyika. Elektrodi iliyobuniwa na Martin Frant na James Ross nchini Marekani mwaka 1966 husoma floraidi iliyo huru tu. Ile iliyokumbatiwa na alumini haihesabiki, mpaka mpimaji atie dawa ya kuipokonya alumini. Asipofanya hivyo, ndoo yenye floraidi nyingi huonekana salama.

Ndoo ya Ngurdoto ilishusha miligramu 12.5 hadi wastani wa 2.1. Kwa kiwango cha 8, au hata cha 4, huo ulikuwa ushindi, kwa 1.5 hautoshi. Kituo hicho kilifanyia kazi pia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi bila mtu kupima shabu na chokaa kila mara. Kadiri kiwango kinavyobana, ndivyo mzigo unavyotoka mikononi mwa mama wa nyumbani na kumrudia mwenye jukumu la kutafuta chanzo kingine cha maji.