Kikosi cha popo na ugomvi wa ukuta wa Tirpitz

Novemba 12, 2024 ilitimia miaka 80 tangu manowari ya Kijerumani Tirpitz ipinduliwe na mabomu karibu na mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway. Kumbukumbu hiyo ikifika, sifa huenda kwa Kikosi Namba 617 cha Jeshi la Anga la Uingereza, wale waliobomoa mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, wakaandikiwa kitabu na Paul Brickhill mwaka 1951 na kutengenezewa filamu mwaka 1955. Kikosi Namba 9, ambacho kilikuwa angani nao siku hiyohiyo, hutajwa kwa kupitia tu, kama kinatajwa.

Gordon Thorburn, mwandishi wa kitabu cha Bombers First and Last, ni miongoni mwa wachache waliokipa kikosi hiki nafasi yake. Ukifuata kalenda tu utaona kwa nini. Septemba 4, 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, ndege zake aina ya Wellington zilikwenda kushambulia meli za Kijerumani huko Brunsbüttel. Aprili 25, 1945, Hitler akiwa amebakiza siku tano za kuishi, Lancaster za kikosi hichohicho zilikuwa Berchtesgaden zikipiga makazi yake ya milimani.

Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na maafa ya Desemba 18, 1939, pale Wellington 22 za vikosi vitatu, Namba 9 kikiwamo, zilipofika Heligoland mchana kweupe na 12 zikaangushwa. Nembo ya Kikosi Namba 9 ni popo, na baada ya kipigo kile ndege nzito za Uingereza nazo zikawa za usiku. Zilikuja Lancaster mwaka 1942, ikaja kambi ya Bardney, Lincolnshire, Aprili 1943, kisha mashambulizi ya Ruhr, Hamburg na Berlin. Huko kulikuwa na kina mama na watoto, na anayesimulia historia ya kikosi chochote cha mabomu bila kulisema hilo amesimulia nusu.

Lakini kinachowafanya wazee wa kikosi hiki wapandishe sauti ni Tirpitz.

Manowari hiyo ilikuwa imejificha Kåfjord, mbali mno kwa Lancaster kwenda na kurudi kutoka Uingereza. Septemba 1944 vikosi hivyo viwili vilipelekwa kwanza Yagodnik, karibu na Arkhangelsk, Urusi. Safari ilikuwa mbaya: mawingu yalitanda chini, ndege kadhaa zikatua kwa kuanguka kwenye vinamasi, na waliofika salama wakalala na kunguni. Septemba 15 walishambulia kwa mabomu ya Tallboy, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani tano. Moja lilipasua sehemu ya mbele ya Tirpitz, na Wajerumani wakakata tamaa ya kuirudisha bahari kuu. Wakaikokota hadi Tromsø iwe ngome ya mizinga inayoelea.

Nani alilidondosha bomu lile? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kikosi Namba 617 kinasema ni kamanda wake, Willie Tait. Kikosi Namba 9 kinasema ni rubani wake Melrose, katika Lancaster W4964, ile iliyochorwa mtu wa nembo ya wiski ya Johnnie Walker ubavuni. Moshi wa kujikinga ulikuwa umeifunika manowari, kwa hiyo kila upande una mashahidi wake.

Tromsø ilikuwa ndani ya uwezo wa ndege zitokazo Scotland, baada ya kuziongezea matangi ya mafuta na kung'oa mnara wa bunduki wa mgongoni. Oktoba 29 mawingu yaliiokoa Tirpitz. Novemba 12 anga lilikuwa safi, ila baridi ya usiku ilizigandisha baadhi ya ndege za Kikosi Namba 9 zisiweze kuondoka, ikiwamo ya kamanda wao, Bazin. Namba 617 wakatangulia kupiga, meli ikapinduka, na karibu watu 1,000 wakafia humo. Barafu, si woga, ndiyo iliyowapunguza akina Namba 9, na kwa haki hilo lilistahili kuandikwa mahali pa wazi zaidi.

Wiki saba baadaye, Januari 1, 1945, Lancaster ya kikosi hicho ilipigwa mara tu baada ya kudondosha mabomu kwenye mfereji wa Dortmund-Ems. George Thompson, mwendesha redio kutoka Scotland, alipita katikati ya moto akamtoa mpiga bunduki mmoja, akamzima moto kwa mikono mitupu, kisha akarudia kwa wa pili. Alipokwenda mbele kutoa taarifa, nahodha wake hakumtambua kwa jinsi alivyoungua. Alifariki Januari 23, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Huyu filamu yake iko wapi?

Vita vilipokwisha, Wanorway waliipa Kamandi ya Mabomu ya Uingereza kipande cha ukuta wa chuma kutoka tumboni mwa Tirpitz. Kikatundikwa Binbrook, kambi iliyokaliwa na vikosi vyote viwili. Lilikuwa kosa. Kwa miaka mingi watu wazima wenye vyeo waliibiana chuma hicho, mara kwa ujanja, mara kwa nguvu, kila upande ukidai ndio uliokitolea jasho. Mwaka 2002 kamanda wa Kikosi Namba 9 alikikabidhi kwa makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, London. W4964 haikupata heshima hiyo: baada ya safari zaidi ya 100 za vita, kipande cha mwili wake kiligeuzwa banda la bustani, hadi makumbusho ya Newark yalipokichukua.

Siku hizi Kikosi Namba 9 kinarusha Typhoon kutoka Lossiemouth, Scotland, na Namba 617 kiko Marham na ndege za F-35. Ukuta umebaki London, mbali na mikono ya wote wawili.