Mwewe wa ukungu na bunduki ya Mfaransa

Nilipotea kidogo, majaribio yalinikaba. Jumamosi jioni niliazima kamera ya mshkaji hapa hosteli nipige mwewe wanaozunguka juu ya kantini, maana dogo mmoja wa mwaka wa kwanza alizitaka picha kwa bango lake. Nikapiga 80. Zote ukungu mtupu, mabawa kama moshi! Bango likaenda na kunguru aliyetulia juu ya bati. Aibu yangu.

Nilikuwa nimeweka shata 1/125 na ISO 100, eti ISO ikipanda picha inaharibika. Hayo ndiyo niliyojazwa. Nikaingia maktaba, kumbe wazee walishahangaika na jambo hili zamani.

Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa, alitaka kujua bawa linafanya nini hewani. Mwaka 1881 Muybridge, yule wa picha za farasi za 1878, alimpelekea picha za njiwa. Hazikumridhisha. Basi 1882 akaunda bunduki ya picha: mtutu una lenzi, ndani kuna kioo kinachozunguka. Ukivuta triga unapata picha 12 kwa sekunde, kila moja 1/720, na ndege anaruka zake mzima. Iliwezekana kwa sababu vioo vikavu vya jelatini vilishatoka, vinavyonasa mwanga upesi kuliko vile vibichi vya kwanza. Yaani, kwa lugha yetu, ISO ilipanda ndipo shata ikakimbia!

Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, wao walitafuta utulivu. Mwaka 1892 walipiga kiota chenye mayai, na baadaye wakawa wanajificha ndani ya ng'ombe wa bandia (sitanii). Cherry alifika hadi Kenya, akampiga picha Roosevelt mwaka 1909. Njia yao nzuri kwa ndege aliyetua, ila mwewe wa kantini hatui mpaka aone chapati yako.

Jana jioni nikarudi: shata 1/2000, ISO 1600, lenzi sikuigusa. Zote mbili zimepanda mara 16, kwa hiyo mwanga ni uleule. Picha 60, saba kali mpaka jicho linaonekana. Zina chengachenga kama mchanga, lakini bawa ni bawa. Dogo kasema atazitumia Alhamisi akiwasilisha mradi darasani.

Haya, pindi la saa nane linaniita.