Muhimbili na Jino Lisilong'olewa



Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mtu aumwapo jino huvumilia mpaka usingizi umkimbie, ndipo aiendee zahanati. Na afikapo huko, tiba anayoikuta kwa kawaida ni moja tu, nayo ni koleo. Mwandishi wa maelezo haya aling'olewa magego mawili hapa Uganda angali mwanafunzi wa sekondari, na hakuna aliyemwambia kwamba huenda yangezibika. Kwa hiyo inafaa leo tuitazame shule ya udaktari wa meno ya jirani zetu wa Tanzania, iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam.

Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini elimu ya meno ilichelewa. Nairobi ilitangulia mwaka 1974. Muhimbili ikafuata mwaka 1979, ikiwa idara changa ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili yenyewe ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha umma.

Mwanafunzi wa hapo husoma miaka mitano, na sehemu kubwa ya masomo hayo huyapata kando ya kiti cha mgonjwa. Kiti hicho si kiti tu. Kinataka umeme wa kuendesha kekee, hewa ya kusukumwa kwa pampu, maji safi yasiyokatika, taa kali, na fundi mwenye vipuri. Hospitali kubwa ya mjini huweza kuyapata hayo, ingawa kwa taabu. Lakini wagonjwa walio wengi wako vijijini, na huko hata kisima huwa mbali.

Hilo ndilo lililozaa jambo kubwa. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma ya meno vijijini uliokuwa chini ya chuo hicho, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliamua kujaribu kutibu bila kekee. Walichukua vyombo vya mkono tu: kishoka kidogo cha kupanulia tundu la jino, na kijiko kidogo chenye makali cha kukwangulia sehemu iliyooza na kulainika. Tundu lililosafishwa likazibwa kwa saruji inayoshikamana na jino. Maumivu ni machache, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Jambo ambalo kila mwenye mtoto atalielewa upesi.

Wataalamu wengi walidhani hiyo ni tiba ya kimaskini. Basi ikapimwa Thailand mwaka 1991, kisha Zimbabwe mwaka 1993, kwa saruji bora zaidi iitwayo glasi-ayonoma, ambayo hutoa madini ya floraidi yanayoliimarisha jino. Mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mbele ya mataifa yote. Leo hutumika hata katika nchi tajiri, hasa kwa watoto waogopao mlio wa kekee na kwa wazee wasioweza kutoka majumbani mwao. Ni nadra kwa ujuzi wa tiba kusafiri kwa mwelekeo huo.

Walimu wa Muhimbili waliandika pia juu ya kile Watanzania wanachokiita meno ya plastiki, ambacho magharibi mwa Uganda twakijua kwa jina la ebiino. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, ufizi wake huchanjwa na kutolewa kijino kichanga, ati ndicho kiletacho ugonjwa. Kile kijino ni chonge halisi ambalo wakati wake haujafika. Baadhi ya watoto hao wamekufa kwa kutoka damu na kwa vidonda kuoza, huku ugonjwa wenyewe haukutibiwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa za lazima, ambayo wizara za afya huifuata ziagizapo dawa. Saruji hiyo na vyombo vyake vyote huenea katika mkoba mmoja. Lakini katika zahanati nyingi za vijijini, hapa kwetu na kwa jirani zetu, chombo kilichomo kabatini bado ni koleo.