Mbegu ya Mchikichi

Mawese si bidhaa ya jana katika pwani hizi za Ziwa Tanganyika. Msafiri Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliyakuta, akaandika habari zake. Lakini wengi wa wazee wetu hawakuhangaika kuotesha mbegu. Waling'oa miche iliyojiotea chini ya michikichi mikongwe, kwani kokwa ile ngumu huweza kulala ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka. Nami katika ujana wangu nilizifukua zangu mwezi wa nne, nikizidhania zimekufa, nikazitupa jaani. Zikachipua huko huko jaani!

Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, katika Kongo, walibainisha kwamba mchikichi wa kokwa yenye gamba nene ukipandanishwa na ule usio na gamba, huzaliwa wenye gamba jembamba na mawese mengi. Basi mche wa kuokota haukutosha tena. Mbegu teule yapaswa kuoteshwa kwa mkono. Nayo yataka joto: huwekwa penye nyuzi 39 hadi 40 za sentigredi kwa siku zipatazo 80, kisha hulowekwa na kupozwa, na baada ya majuma machache huchipua. Kumbe takataka zile zilizokuwa zikioza jaani zilikuwa na joto lake.